Yaya Mwape na Siku ya Vernis

Watu wa Golf, mtaa wa matajiri hapa mjini kwetu, wakija tena kuniuliza habari za dada yangu, nitawaambia wamwulize mwenyewe. Wameshakuja mara tatu na simu zao mkononi, wanataka niwaeleze safari yake katika sanaa. Mimi ni Damien, fundi wa nguo, nashona suruali na mavazi ya kwaya hapa Katuba, na safari za dada yangu ninazozijua ni za kwenda sokoni na kanisani. Lakini kwa kuwa kila mtu amekwisha kulisimulia jambo hili kwa namna yake, na wote wamekosea, acha niseme mimi niliyekuwepo. Kuelewa sikuelewa. Hilo nalisema mapema ili mtu asinidai maelezo mwishoni.

Dada yangu anaitwa Mwape. Kwetu Lubumbashi ndugu mkubwa ni yaya, basi namwita Yaya, ingawa amenizidi miaka minne tu na yeye anaihesabu kama arobaini. Ana miaka sitini na sita. Mume wake alifariki zamani, watoto wake wako Kolwezi, na sisi wawili tumebaki katika parseli ya baba, kiwanja kimoja, yeye nyumba ya mbele, mimi nyumba ya nyuma pamoja na cherehani yangu.

Maisha yake yote amefuma kroshe. Mama yetu alifundishwa na masista kwenye foyer social, enzi zile wake za wafanyakazi wa migodi walipokuwa wakifunzwa kupiga pasi, kupika supu na kufuma vitambaa vya meza, naye akamfundisha Yaya. Katuba hakuna salon ya maana ya kupokelea wageni isiyokuwa na napero zake, ndivyo vitambaa hivyo: juu ya televisheni, mgongoni mwa kiti cha fotei, chini ya maua ya plastiki. Akimaliza kufuma huchemsha maji na sukari, huichovya napero, huilaza juu ya bakuli na kuianika juani mpaka ikauke na kusimama yenyewe. Sisimizi huzipenda kuliko wateja. Nimemtania miaka mingi kwamba nguo isiyopitiwa na mkasi wala mshono si nguo, ni matundu yaliyoshikana mikono. Hunijibu kwamba suruali zangu nazo zina matundu, ila mimi nimejaliwa kuyaficha.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho hakuwahi kukitia sukari. Anakiita Mabakio. Kila mteja akishapata kazi yake, uzi hubaki kidogo, na tangu mwaka aliofiwa na mumewe Yaya amekuwa akiuongeza uzi huo kwenye kifuniko kimoja, mstari juu ya mstari, miaka kumi na sita. Mstari wa kijani ni wa ndoa ya binti wa Kasonde. Ule wa kahawia ni wa mchungaji, ambaye hakuridhika nao. Upana wake ni wa kitanda, na urefu ulikwisha kupita kitanda siku nyingi. Nilipomwuliza atakifanyia nini alinijibu waziwazi, akila karanga. Ni cha kumfunikia ndani ya sanduku siku atakapokufa. Hataki dentelle ya dukani, kile kitambaa cha matundu cha mashine, anasema inawasha.

Na kwa sababu hiyo hajakifunga. Anayejua kroshe anaelewa, asiyejua anisikilize: kazi ile haikai mpaka ukate uzi, upitishe ncha yake katika kitanzi cha mwisho, uvute. Usipofanya hivyo, mtu akivuta uzi kila kitu kinafumuka mpaka mwanzo. Kitanzi cha mwisho cha Mabakio kinashikwa na pini. Yaya alisema maadamu yu hai uzi utaendelea kubaki, na kitanzi kile kitafungwa na mwingine. Mwingine nani, sikuuliza. Mambo ya namna hiyo mimi huyakwepa.

Mwaka jana mwezi wa tano, mvua zilipokwisha, alikifua na kukianika kwenye kamba mbele ya nyumba. Akapita binti mmoja, Michelle, aliyesomea sanaa na ambaye alikuwa amepewa villa tupu huko Golf kwa kufanyia maonyesho. Alikuja Katuba kutafuta kitu kingine kabisa, nadhani viti. Akasimama kwenye kamba ile mpaka nikadhani ana shida. Akagusa mistari kwa kidole kimoja, akataka kujua nani amefanya, kwa muda gani, na kwa nini. Yaya alimwambia vyote, hata habari ya sanduku. Michelle hakucheka. Aliomba kuazima Mabakio kwa wiki tatu, akaahidi kwamba yatarudi kama yalivyo, na Yaya, ambaye hajawahi kuniazima hata ndoo yake ya bluu, akakubali. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijaacha.

Siku chache baadaye alirudi kutoka Golf. Alikuwa amekwenda kuona walivyokitundika. Akaja akasimama karibu na cherehani yangu huku nashona zipu, na zipu ni kazi isiyotaka mazungumzo.

"Damien," akasema, "vernis ya ba-menuisier, ikiisha kukauka, inatokaka na sabuni?"

Nikamjibu bila kuinua kichwa kwamba vernis, ile rangi ya maseremala ya kung'arisha mbao, haitoki kwa sabuni wala kwa mafuta wala kwa maombi, ikishashika mbao imeshika. Akauliza je, kwenye uzi? Nikamwambia kwenye uzi ndiyo kabisa, uzi utakuwa kama ubao. Akashukuru, akaenda zake. Nilimaliza zipu yangu. Ningemwuliza swali moja tu la kwa nini, hadithi hii isingekuwepo, na kosa hilo ni langu, nalibeba.

Alhamisi asubuhi alinijia amevaa kitenge cha kanisani, akasema twende Golf. Njiani ndipo akanieleza. Michelle alikuwa amemwambia, kwa furaha kubwa, kwamba Ijumaa ni vernissage ya Mabakio, na wakubwa wamealikwa kuja kuona. Yaya alirudi nyumbani na neno hilo, akaliweka mezani, akaligeuza. Yeye hutia napero sukari ili zisimame. Watu wa Golf wana vyumba vikubwa na hawataki sisimizi. Basi wao hawatumii sukari. Wao wanapaka vernis.

Nami niliona sawa. Nasema kweli mbele ya wasomi wote: neno lile sikulijua, na maelezo yake yalikuwa na akili kuliko maelezo yote niliyoyasikia baadaye.

"Nitalala namna gani chini ya kintu nguvu sawa meza?" aliniuliza. Kwetu kitu kigumu ni kitu nguvu. Alikuwa na hofu, na hofu ya Yaya siijui vizuri, kwa kuwa huwa anaificha kwa kunigombeza. Siku ile hakunigombeza hata kidogo.

Mlinzi alimkumbuka, akatufungulia. Ndani palikuwa chumba cheupe kisicho na hata kiti, na katikati Mabakio yananing'inia kutoka darini, yamefungwa juu kwenye fimbo ndefu ya chuma, ncha ya chini ikifika kiunoni mwangu. Sitadanganya, yalikuwa mazuri. Nilikuwa sijapata kuyaona yamesimama. Mwanga wa dirisha ulipita katika matundu yote yale niliyoyacheka, na kwenye ukuta kukawa na Mabakio mengine ya kivuli.

Chini yake alichuchumaa kijana wa useremala, Emery, ana brashi mkononi na kopo wazi la vernis miguuni. Chumba kizima kilinuka. Alikuwa anapaka masanduku ya mbao ya kuwekea vitu vya wasanii wengine, lakini hilo tulilijua baadaye. Yaya alimwuliza kwa adabu vernis ile ni ya nini.

"Ya vernissage ya kesho, mama," akajibu. "Banasema yote ikauke leo."

Yaya akamwomba ateremshe kifuniko chake. Emery akasema hana ruhusa, angoje Michelle, aliyekuwa ameshuka mjini kuchukua kadi za mialiko. Yaya akatazama fimbo ile juu, akalitazama kopo, akanitazama mimi. Halafu akapiga magoti, akatafuta pembe ya chini, akafungua pini.

Nilielewa anachotaka kufanya kabla hajavuta, na sikumzuia. Uzi uliofumuliwa unaweza kufumwa tena. Uzi uliopakwa vernis umekwisha. Kwa hesabu ya mtu anayejua kazi, hakuwa na njia nyingine.

"Shika," akaniambia.

Akavuta, nami nikazungusha uzi mkononi kama kijakazi wake. Sauti yake ni ndogo, trrr, mstari mzima kutoka kulia kwenda kushoto, na kuumaliza huchukua muda wa kupiga chafya. Penye rangi mpya palikuwa na fundo, anasimama, analifungua kwa kucha, anaendelea. Uzi mweupe wa ubatizo wa mjukuu wa Mulenga ukaja mkononi mwangu. Ukaja wa machungwa wa saluni ya nywele ya Espérance. Ukaja wa bluu, mwingi, wa mama mmoja wa Butembo. Yaya alikuwa analia bila kuacha kuvuta, na mimi niliona aibu, kwa sababu miaka yote ile niliona tu mwanamke amekaa mlangoni na sindano. Emery alisimama na brashi yake ikidondosha vernis sakafuni, akasema taratibu kwamba yeye hajafanya kitu.

Miaka minne ilikuwa imeshashuka chini Michelle alipoingia.

Hakupiga kelele. Aliuliza tumefanya nini, Yaya akamwonyesha kopo. Ilichukua muda watu wanne kuelewana katika chumba kile. Hatimaye Michelle akakaa chini sakafuni na kadi zake.

"Vernissage haiko kupaka vernis, mama," akasema. "Ni siku ya kufungua. Bantu banakuya, banaangalia, banakunywa kidogo, banaenda."

"Sasa juu ya nini banaiita vernis?"

Michelle akafikiri. Akakiri kwamba zamani, Ulaya, wachoraji walikuwa wakipaka picha zao vernis mara ya mwisho kabla ya kuzionyesha, na jina likabaki.

"Basi balipakaka," akasema Yaya, na kwa kweli sikuona wapi amekosea.

Nilitarajia binti yule atufukuze. Badala yake aliinuka, akarudi mpaka mlangoni, akatazama kutoka pale: kipande kinachoning'inia, ncha yake iliyoliwa, uzi unaoshuka, na sakafuni rundo la rangi nililoliangusha nilipochoka. Kisha akatuomba tusiguse kitu tena. Akasema sasa imekuwa nzuri zaidi.

Yaya alidhani hakusikia vizuri. Akanigeukia mimi, nami nikamwambia amesikia vizuri.

"Kama kuharibu njo muzuri," akasema, "ningeharibu tangu zamani, nipumzike."

Michelle akajaribu kueleza, na alieleza kwa moyo, siwezi kumsengenya. Alisema sasa mtu anaona kazi ni ya mikono, na kwamba mikono inaweza kurudi nyuma. Yaya aliitikia kila neno kama watu wanavyomwitikia daktari. Alitaka jambo moja: Mabakio yake yarudi mazima. Wakapatana kwamba yatakaa wiki tatu, bila vernis, na Yaya ataruhusiwa kuja kufuma alichofumua.

Ijumaa saa kumi na moja jioni tulikwenda wote wawili. Nilivaa suti niliyojishonea. Watu walikuwa wengi, wamesimama kwa sababu viti bado havijafika, wameshika glasi. Ukutani kulikuwa na karatasi ndogo yenye jina la Yaya, na chini yake "Sans titre". Yaya akasoma kwa sauti. Akamwuliza Michelle kwa nini wameandika haina jina, na yeye alishawaambia inaitwa Mabakio. Michelle akashika kichwa, akaenda kutafuta kalamu.

Bwana mmoja mwenye miwani alinishika mkono akanieleza kwamba kazi ile inazungumzia ardhi yetu inavyochimbwa, tabaka baada ya tabaka, mpaka ibaki shimo. Nikamwambia ni habari ya napero. Akacheka, akasema ndiyo, ndiyo, hasa. Nikamwuliza kama yeye hufuma. Hafumi. Wengine walipiga picha ya rundo la uzi lililokuwa sakafuni vilevile nilivyolidondosha, na mwanamke mmoja akasema namna lilivyopangwa ina ujasiri. Nililipanga mimi, kwa kuchoka. Nilitaka kufurahi, nikashindwa kujua nifurahie nini.

Yaya yeye aliona wiki tatu ni chache. Akatafuta kisanduku kimoja cha Emery kilichokauka, akakaa chini ya kifuniko chake, akatoa sindano kutoka kwenye mkoba, akashika kitanzi, akaanza kufuma. Hakutafuta kutazamwa. Alikuwa na kazi ya kulipia miaka minne. Lakini watu walimzunguka mmoja mmoja, na mtu akamnong'oneza mwenzake kwamba sasa ndiyo imeanza.

Katika wale waalikwa alikuwemo Mama Katungu, mke wa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mwenye nyumba kubwa mtaa ule ule. Yaya alikuwa amemfumia napero za salon nzima. Alikuja mbele na viatu vyake virefu, akainama juu ya rundo, akaokota uzi wa bluu.

"Hii ni ya kwangu," akasema. "Ya mwaka binti yangu aliolewa."

Yaya akaitikia, akamwambia ulikuwa mahali pazuri, karibu na usawa wa mkono. Mama Katungu hakuuliza usawa wa mkono wa nani. Alikuwa anajua, maana Yaya huwaambia wateja wake wote. Akavua viatu, akakaa sakafuni na gauni lake la gharama, akaanza kuuviringisha uzi ule uwe mpira, polepole, asiukaze. Wageni walidhani naye amepangwa.

Yule bwana wa miwani akachuchumaa. Akauliza, kwa Kiswahili chake cha shule, kazi hii mama anatarajia itaisha lini.

"Siku nitakufa," akasema Yaya, macho kwenye sindano. "Miye siwezi kuifunga. Damien njo atafunga."

Watu wote wakageuka wakanitazama. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimekwepa swali lile miaka kumi na sita, nikaja kujibiwa Golf, mbele ya wageni, nimevaa suti.

Mabakio yalirudi baada ya wiki tatu, mazima, kama Michelle alivyoahidi, yamepauka kidogo kwa sababu ya zile taa zao. Alikuja nayo mwenyewe, pamoja na habari kwamba kuna mtu anataka kuyanunua. Yaya akamwuliza huyo mtu atamfunika na nini. Habari ikaishia hapo, ingawa Michelle bado huja, hukaa mlangoni, na siku hizi anajifunza kufuma kingo. Ananiambia dada yangu ni msanii. Dada yangu anamwambia ana mkono mzito. Wanapendana, nadhani.

Na mimi, kila Jumapili tukitoka kanisani, Yaya ananipa sindano na kipande kidogo ambacho amekifuma kwa ajili yangu. Ananifundisha kufunga. Kata uzi, pitisha katika kitanzi, vuta. Ni mambo matatu. Mkono uliozoea mkasi na cherehani hauna subira na kijiti kile, na mara za kwanza alipovuta kujaribu, kazi yote ilifumuka mpaka mwanzo, akacheka mpaka akashika mbavu. Alisema nikimfunga hivyo, atabaki wazi mbele ya kwaya nzima.

Wiki mbili zilizopita, siku ya kazi, mchana, nilikuwa peke yangu na cherehani. Nikachukua kile kipande. Nikakata, nikapitisha, nikavuta. Nikavuta uzi tena kwa nguvu, kisha kwa mikono miwili. Haukutoka, kumbe nimejua kufunga. Nilikaa nao kwa muda, sijui muda gani, mteja alikuja akaondoka. Halafu nikakikata vipande vipande, nikavifagia pamoja na mabaki ya vitambaa.

Jumapili akanipa kingine. Nikakata uzi, nikaupitisha pembeni ya kitanzi, si ndani, nikavuta. Yaya akajaribu, na chote kikafumuka.

"Weye ni kichwa nguvu," akasema. Akaukusanya uzi wake, akauzungusha kidoleni. "Basi nitangoya tena."

Nikamwambia angoje.